Ellen Griffin: Mwanamke aliyewafundisha walimu wa gofu

Kiwanja cha gofu cha Jinja kiko karibu na mahali ambapo Mto Nile unaanza safari yake kutoka Ziwa Victoria. Kinajulikana mbali kwa kanuni moja ambayo haipatikani katika viwanja vya Ulaya: mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila kutozwa pigo la adhabu. Mbale nayo ina kiwanja chake, chini ya majabali ya Wanale. Viwanja vyote viwili vina mashimo tisa, na vyote vimekuwepo tangu enzi ya ukoloni.

Hata hivyo, wakazi wengi wa Busoga na Bugisu wamepita kando ya nyasi hizo miaka nenda miaka rudi bila kushika fimbo ya gofu hata mara moja. Kwa mvulana kutoka familia ya kawaida, njia ya kuingia imekuwa moja: kubeba mfuko wa fimbo za wachezaji wenye uwezo, kuwatazama wakicheza, kisha kuomba nafasi ya kujaribu jua linapokaribia kuzama. Wapo Waganda wanaocheza gofu ya kulipwa leo ambao walianzia hapo. Msichana mara chache alipata nafasi ya namna hiyo. Kwake, kujifunza gofu kulimtaka apate mtu wa kumfundisha kwa makusudi.

Ni nani atakayemfundisha msichana mchezo ambao jamii haikumkusudia? Swali hilo liliulizwa pia katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, zaidi ya miaka themanini iliyopita. Mwanamke aliyetumia maisha yake yote ya kazi kulijibu aliitwa Ellen Griffin. Jina lake halisikiki sana miongoni mwa wapenzi wa michezo Afrika Mashariki, lakini katika ulimwengu wa gofu ya wanawake ni miongoni mwa walimu wanaoheshimiwa sana.

Chuo cha wasichana mjini Greensboro

Griffin alizaliwa mwaka 1918. Alipata elimu yake ya juu katika Chuo cha Wanawake cha Chuo Kikuu cha North Carolina, mjini Greensboro. Chuo hicho kilifungua milango mwaka 1892 kwa lengo ambalo msomaji wa Uganda atalielewa mara moja: kuwaandaa wasichana wa jimbo hilo kuwa walimu na kuwapa ujuzi wa kujitegemea. Idara yake ya elimu ya viungo ilijengwa na Mary Channing Coleman, mmoja wa viongozi mashuhuri wa somo hilo Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini.

Griffin alihitimu mwaka 1940, na mwaka huohuo chuo kikamwajiri kuwa mwalimu. Alibaki hapo hadi mwaka 1968.

Kazi ya kocha wa gofu wa wanawake vyuoni, kama inavyofahamika leo, ilikuwa karibu haipo wakati huo. Walimu wengi wa elimu ya viungo nchini Marekani, wakiwemo wanawake wenyewe, hawakutaka wasichana washindane kwa niaba ya vyuo vyao. Walikuwa wameona michezo ya wanaume ikitawaliwa na fedha, viingilio na tamaa ya ushindi, wakahofia kwamba ya wasichana itaharibika vilevile. Vyuo vingi viliandaa siku za michezo ambapo wasichana kutoka vyuo mbalimbali walichanganywa katika timu, ili pasiwepo chuo kinachoshinda wala kinachoshindwa. Nia ilikuwa njema, kwani walitaka kila msichana acheze, na si wachache wenye vipaji tu. Lakini msichana mwenye kipaji kikubwa hakuwa na pa kukipeleka.

Mwaka 1941, Gladys Palmer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alivunja mwiko huo kwa kuandaa mashindano ya kitaifa ya gofu kwa wanafunzi wa kike. Wenzake wengi katika taaluma walimpinga. Mashindano yakafanyika, na Eleanor Dudley wa Chuo Kikuu cha Alabama akaibuka bingwa. Kisha vita vikayasimamisha hadi mwaka 1946.

Hayo ndiyo mazingira aliyoyakuta Griffin. Hakuwa na timu ya kuipeleka kutafuta makombe wala ligi ya kushiriki. Alichokuwa nacho ni darasa lililojaa wasichana, ambao wengi wao hawakuwahi kushika fimbo ya gofu.

Kufundisha wengi kwa pamoja

Katika klabu, gofu hufundishwa mtu mmoja kwa wakati. Mwalimu husimama kando ya mwanafunzi wake, humrekebisha namna ya kushika fimbo, miguu, mabega na mzunguko wa kiwiliwili, kisha hupokea malipo ya saa hiyo. Utaratibu huo unamfaa mwenye fedha. Haumfai mwalimu wa shule mwenye wanafunzi thelathini, fimbo kumi na dakika arobaini.

Darasa la gofu lina hatari zake pia. Fimbo inayozungushwa kwa nguvu inaweza kumvunja taya aliyesimama karibu, na mpira wa gofu ni mgumu kama jiwe. Mwalimu wa wengi analazimika kuwapanga wanafunzi kwa mistari, kupima nafasi kati yao, kuhakikisha wote wanapiga kwa amri moja na kwamba hakuna anayekwenda kuokota mipira kabla ya amri nyingine. Anaweza kutumia mipira myepesi ya plastiki isiyofika mbali, hivyo uwanja wowote wenye nyasi, hata ukumbi wa mazoezi siku ya mvua, ukamtosha. Muhimu zaidi, analazimika kujua kulieleza jambo moja kwa njia kadhaa, maana maneno yanayomfungua mwanafunzi mmoja humfunga mwingine.

Huu ndio ujuzi ambao Griffin aliutafuta, akauboresha na kuusambaza. Mwaka 1949 yeye na mchezaji bingwa Betty Hicks walichapisha kitabu cha mwongozo kwa walimu wa gofu. Walengwa walikuwa walimu, ambao wengi wao hawakuwa wachezaji hodari, lakini walikuwa na darasa mbele yao na wajibu wa kulifundisha.

Chama kilichozaliwa wakati wa vita

Griffin hakuishia darasani. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea, alishirikiana na Betty Hicks na Hope Seignious kuanzisha chama cha wanawake wachezaji gofu wa kulipwa, kilichojulikana kwa kifupi kama WPGA. Hicks alikuwa bingwa wa Marekani wa wanawake wa ridhaa wa mwaka 1941. Seignious alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye makao yake Greensboro. Griffin alikuwa mwalimu wa chuo, na katika watatu hao ndiye asiyejulikana kwa vikombe.

Ilikuwa hatua ya ujasiri. Wanaume wachezaji wa kulipwa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1916. Mwanamke aliyetangaza kwamba anacheza kwa malipo alipoteza haki ya kushiriki mashindano ya ridhaa, na upande wa pili hakukuta chochote cha maana: mashindano machache na zawadi ndogo mno. Mabingwa wengine walikuwa jeshini. Patty Berg, kwa mfano, alikuwa amejiunga na kikosi cha wanamaji wa nchi kavu.

Vita vilipokwisha, chama hicho kilifanya jambo ambalo matunda yake yanaonekana hadi leo. Mwaka 1946 kiliandaa mashindano ya kwanza ya wazi ya wanawake wa Marekani, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington. Mchezo ulikuwa wa mtoano, na Patty Berg akamshinda Betty Jameson katika fainali.

Mwaka uliofuata mashindano hayo yaliletwa Greensboro, mji wa Griffin na Seignious, katika kiwanja cha Starmount Forest. Safari hii mshindi alipatikana kwa kuhesabu mapigo ya mashimo 72. Betty Jameson, aliyeshindwa fainali ya mwaka uliotangulia, aliibuka bingwa kwa mapigo 295, sita pungufu ya waliomfuata. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kumaliza mashimo 72 ya mashindano makubwa kwa mapigo chini ya 300.

Lakini chama chenyewe kilikuwa kinayumba. Kwa kiasi kikubwa kiliendeshwa kwa fedha za mfukoni mwa Seignious na babake. Hakikuwa na wafadhili wa kutosha, na uhusiano kati ya baadhi ya wachezaji na viongozi haukuwa mzuri. Kufikia mwaka 1950 nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na chama kipya, LPGA, ambacho wanawake 13 wanatajwa kuwa waasisi wake. Jina la Griffin halimo katika orodha hiyo, wala la Seignious, wala la Hicks. Mashindano ya wazi waliyoyaanzisha yaliendelea chini ya wengine, na tangu mwaka 1953 yamesimamiwa na Shirikisho la Gofu la Marekani. Bado yanachezwa kila mwaka, na ni miongoni mwa mashindano makubwa kabisa ya gofu ya wanawake duniani.

Kurudi darasani

Angeweza kuondoka na kinyongo. Alikuwa amesaidia kujenga nyumba, na wengine wakahamia humo. Badala yake aliendelea na kazi aliyoifanya tangu mwanzo, nayo ikapanuka. Alikuwa mshauri wa elimu wa taasisi ya kitaifa iliyojishughulisha na kueneza gofu, akazunguka katika majimbo mbalimbali kuendesha mafunzo ya walimu wa shule na vyuo. Kila mwalimu aliyeondoka katika mafunzo hayo alirudi kwenye darasa lake mwenyewe, na kila mwaka darasa hilo lilipokea wanafunzi wapya. Hesabu ya watu waliojifunza gofu kutokana na Griffin, moja kwa moja au kupitia kwa mwingine, haiwezi kufanywa.

Mwaka 1959 chama cha LPGA, kilekile kilichochukua nafasi ya WPGA, kiliunda kitengo cha walimu. Griffin alikuwa miongoni mwa waliokijenga katika miaka yake ya mwanzo, na mwaka 1962 chama hicho kilimtunuku heshima ya mwalimu bora wa mwaka.

Milango iliyobaki imefungwa

Maisha ya Griffin hayawezi kusimuliwa kwa haki bila kuutaja mji alioishi. Greensboro ya miaka yake ya kazi ilikuwa mji wa ubaguzi wa rangi kwa mujibu wa sheria. Chuo chake kilipokea wanafunzi weusi kwa mara ya kwanza mwaka 1956, miaka kumi na sita baada ya yeye kuanza kufundisha.

Gofu nayo iliguswa. Mwezi Desemba mwaka 1955, daktari wa meno mweusi aliyeitwa George Simkins na wenzake watano waliingia katika kiwanja cha Gillespie Park mjini humo, wakaweka malipo ya kucheza mezani, wakaanza kupiga mipira. Kiwanja hicho kilikuwa mali ya manispaa, kilichojengwa kwa fedha za walipa kodi wa rangi zote. Wote sita walikamatwa na kushtakiwa kwa kuingia mahali pasipo haki yao. Kesi ilipopamba moto, kiwanja kilifungwa, na hakikufunguliwa tena hadi mwaka 1962, safari hii kwa wote.

Msomaji wa Jinja au Mbale hahitaji maelezo marefu hapa. Viwanja vya kwanza vya gofu Afrika Mashariki vilichorwa kwa ajili ya maofisa na walowezi wa Kizungu, na Mwafrika aliruhusiwa kuingia akiwa amebeba mfuko au akikata nyasi. Mlango uliofunguliwa kwa wanawake wa Greensboro ulikuwa, kwa muda mrefu, mlango wa wanawake weupe. Kazi ya Griffin ilikuwa kubwa, na ilifanyika ndani ya mipaka hiyo.

Mahali palipoitwa Shamba

Baada ya miaka 28 chuoni, Griffin aliacha kazi mwaka 1968. Alianzisha kituo chake cha kufundishia gofu karibu na mji mdogo wa Randleman, kusini mwa Greensboro. Kiliitwa Shamba, basi. Waliofika walikuwa wachezaji wa kulipwa waliopoteza mapigo yao, walimu waliotaka kuongeza ujuzi, na watu wa kawaida waliokuwa wanaanza. Hapo aliendelea kufundisha hadi mwisho wa maisha yake.

Akiwa huko, aliyaona mambo aliyoyaandalia njia yakitokea moja baada ya jingine. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayogharimiwa na serikali kuu. Vyuo vilivyokuwa vikitumia karibu fedha zote za michezo kwa wanaume vililazimika kuwatazama wanawake upya. Timu za gofu za wanawake zikaongezeka, wasichana wakaanza kupewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya gofu, na kazi ya kocha wa gofu wa wanawake chuoni ikawa ajira kamili yenye mshahara na heshima. Mwaka 1982 chombo kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kiliandaa ubingwa wake wa kwanza wa gofu ya wanawake, na Chuo Kikuu cha Tulsa, chini ya kocha Dale McNamara, kikautwaa.

Griffin hakupata ajira ya namna hiyo katika ujana wake. Alipoanza, mchezo wa ushindani kwa mwanafunzi wa kike ulitazamwa kama kosa la malezi. Alifariki dunia mwaka 1986, miaka minne baada ya ubingwa huo wa kwanza. Mwaka 1989 chama cha LPGA kilianzisha tuzo yenye jina lake. Hupewa mwalimu aliyetoa mchango wa pekee katika kufundisha gofu, hata kama hajawahi kushinda kombe lolote.

Swali la Jinja na Mbale

Kwa nini maisha ya mwalimu wa North Carolina yatuhusu huku?

Tangu mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda umeliweka somo la elimu ya viungo miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Kwenye karatasi, kila msichana wa umri huo anayesoma Jinja au Mbale ana saa yake ya michezo kwenye ratiba. Katika shule nyingi saa hiyo inategemea mambo mawili: kama kuna mwalimu aliyeandaliwa, na kama mwalimu huyo anajua mchezo mwingine zaidi ya kandanda na netiboli.

Mji wenye kiwanja cha gofu una neema ambayo miji mingi ya Uganda haina. Lakini kiwanja hakimfundishi mtu. Mvulana aliyebeba mfuko alijifunza kwa kutazama kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya kutazama. Msichana anayepita nje ya uzio akienda shule hana muda huo, na pengine nyumbani wataona haya au hofu akiutumia huko.

Njia aliyoifuata Griffin ilikuwa kumwandaa kwanza yule ambaye tayari anasimama mbele ya wasichana kila wiki, yaani mwalimu wao. Haikuhitaji klabu ya kifahari. Ilihitaji fimbo chache za kupokezana, mipira myepesi, uwanja wa shule, na mtu mzima aliyefundishwa namna ya kuwapanga watoto thelathini ili kila mmoja apige mpira na asiwepo wa kuumia. Kutoka hapo hadi kwenye nyasi za kiwanja chenyewe, chini ya Wanale au kando ya Nile, ni mwendo wa dakika chache kwa shule zilizo mjini. Kitakachobaki ni klabu kukubali kufungua lango mchana mmoja wa wiki, na shule kumpata mwalimu wa kuwavusha wanafunzi wake.